Sahani Hairudi Tupu

Kwetu Tanga, mtoto akitumwa kupeleka sahani kwa jirani alijua atasubiri mlangoni. Jirani atapokea, ataingia ndani, utasikia kabati likifunguliwa, kisha atatoka na sahani ileile ikiwa na kitu juu yake: ndizi mbivu mbili, kipande cha muhogo, au sukari kidogo iliyofungwa kwenye karatasi. Sahani ya jirani hairudi tupu. Hakuna aliyewahi kunikalisha chini akanifundisha. Niliijua kwa miguu, kwa kutumwa huku na huko.

Nimeikumbuka sana desturi hiyo tangu tulipoanza kupika kwa ajili ya wagonjwa. Tuko wanawake sita wa mtaa mmoja, Temeke. Mmoja ni muuguzi mstaafu, wawili wanauza chakula sokoni, mmoja ni mwalimu, mmoja fundi cherehani, na mimi. Kila Jumamosi tunaamka saa kumi alfajiri, tunapika mikate na vitafunwa, na kabla ya saa tatu asubuhi tunakuwa tumevifikisha kwenye nyumba moja wanakofikia wagonjwa wa saratani waliotoka mikoani pamoja na ndugu wanaowauguza. Kikundi hakina jina wala katiba. Tuna masinia manne, mbuzi za nazi tatu, na daftari.

Chanzo chake ni mama yangu. Alipata saratani ya mlango wa kizazi, ile inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote, akaletwa Dar es Salaam kupigwa mionzi Ocean Road. Wengi wenu mnaifahamu hospitali hiyo, ipo pale ufukweni, na majengo yake ya zamani yalijengwa na Wajerumani miaka ya 1890. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa sehemu pekee nchini yenye tiba ya mionzi, hadi Bugando ya Mwanza nayo ilipoanza. Kwa hiyo ukikaa kwenye benchi pale unasikia Tanzania nzima inazungumza: Kisukuma, Kihaya, Kinyakyusa, Kimakonde, na Kiswahili cha kila namna.

Mionzi si dawa ya siku moja. Mgonjwa anapigwa kidogo kidogo, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tano, sita, wengine saba. Si wote wanaolazwa. Anayejiweza kutembea anakuja asubuhi, anapigwa mionzi yake, anaondoka. Mama alikuwa na kwangu pa kurudi. Aliyetoka Kigoma au Ruvuma na hana ndugu mjini lazima atafute chumba, na pesa ya chumba hicho inatoka kwenye mfuko uleule wa nauli na chakula. Mwanamke mmoja niliyezoea kukaa naye kwenye benchi aliniambia jambo ambalo halijanitoka kichwani. Alisema siku za mionzi zinapita, maana unaamka, unajiandaa, unapanga foleni, unarudi umechoka na unalala. Zinazomshinda ni Jumamosi na Jumapili. Huendi popote, humjui mtu, nyumbani ni mbali, na unabaki na ugonjwa wako chumbani kuanzia asubuhi hadi usiku.

Ndiyo maana tunapika Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza kabisa nilipika vileja. Ni kitu ninachokijua vizuri, nilifundishwa na bibi yangu: unga wa mchele, samli safi, sukari ya kusaga, iliki, yai, na nukta ya rangi nyekundu katikati ya kila kimoja. Kileja kizuri ukikiweka mdomoni kinasambaratika chenyewe. Nilitengeneza ndoo ndogo nzima, nikapita chumba kwa chumba. Kulikuwa na dada mmoja wa Kigoma mwenye saratani ya koo, mwembamba, khanga begani. Alipokea vileja vitano kwa mikono miwili, akaitikia kwa kichwa, akavifunga kwenye pindo la khanga. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Wiki iliyofuata nikapeleka tena. Mdogo wake, aliyekuwa anamuuguza, akanivuta pembeni, akafungua mfuko wa plastiki. Vileja vyangu vyote vilikuwa mle, na vingine vimeshamomonyoka. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba dada yake anawawekea watoto nyumbani. Hawezi kumeza kitu kikavu. Mate yamekauka na mdomo umejaa vidonda. Lakini haoni vema kukataa zawadi ya mtu aliyeamka usiku kumpikia.

Usiku ule nikampigia mama simu Tanga, maana alishamaliza mionzi yake na kurudi nyumbani. Nilimsimulia nikitegemea anipoze. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nakumbuka maandazi niliyokuwa nampelekea hospitalini yakiwa bado ya moto. Nikasema nakumbuka. Akasema, "Harufu ya mafuta ilikuwa inanitia kichefuchefu. Nilikuwa nakula kwa sababu umesimama pale unaniangalia."

Wiki zote zile. Mimi binti yake, na sikuwahi kumuuliza.

Jumatatu tulikaa na jirani yetu muuguzi, na kwa mara ya kwanza tukamwomba atufundishe tunampikia nani. Mionzi ikipigwa shingoni au kichwani, alitueleza, inachoma pia tezi za mate, na bila mate hata ubwabwa unakuwa kama mchanga. Ikipigwa tumboni na nyongani inasumbua utumbo, mgonjwa anaharisha na kusikia kichefuchefu, na harufu ya kukaanga inaweza kumfukuza chumbani. Dawa za kuua seli za saratani zinabadilisha ladha, wengine kila kitu wanakisikia kama wamelamba msumari. Kwa hao, kijiko cha plastiki ni bora kuliko cha chuma. Dawa hizohizo zinapunguza chembe nyeupe za damu, kwa hiyo uchafu kidogo ambao mimi na wewe hautudhuru unaweza kumlaza mgonjwa. Tangawizi tuliyokuwa tunaisifu kwa kichefuchefu inawasha vidonda vya mdomo. Na wapo wenye saratani na kisukari kwa pamoja.

Tukaanza upya. Daftari lilikuwa la hesabu ya unga na sukari, likageuka kuwa la watu. Hatuandiki jina, tunaandika namba ya kitanda na maneno mawili matatu: laini, bila sukari, asisikie mafuta, anapenda chumvi. Na kila Jumamosi tukishapeleka chakula tunakaa, tunauliza, tunaandika ya wiki ijayo, maana mdomo wa mgonjwa haufanani wiki mbili.

Mfalme wa jiko letu sasa ni mkate wa kumimina. Wengine wanauita mkate wa sinia. Niacheni niueleze kidogo, kwa sababu naamini hakuna chakula cha pwani kinachomfaa mtu asiyejiweza kuliko huu.

Ijumaa jioni tunaosha mchele na kuuloweka kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa. Alfajiri wawili wanakuna nazi, na tunachukua tui la kwanza tu, lile zito. Kwa vikombe viwili vya mchele tunaweka tui kikombe kimoja na nusu, sukari kikombe kimoja kasoro, hamira kijiko kimoja cha chai, na iliki iliyotwangwa. Tunasaga kwenye blenda hadi ukisugua tone kati ya vidole usisikie chenga. Hapo watu wengi wanaharakisha na ndipo mkate unapoharibika, kwa sababu chenga moja ya mchele kwa mwenye kidonda cha ulimi ni sawa na jiwe. Unga ukishaumuka na kutoa mapovu juu, unapaka samli kwenye sufuria, unaiweka kwenye moto mdogo, unaumimina. Ukianza kutoboka vishimo, unafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Kuanzia hapo pua ndiyo inayoangalia. Iliki inatangulia, kisha nazi, kisha ile harufu ya ukingo kuanza kuwa hudhurungi, na hapo lazima uwe umesimama karibu.

Mkate ukitoka ni mzito, una unyevu, na ukiubonyeza unarudi taratibu. Wenye mdomo mzima wanapenda ule ukingo. Wenye vidonda tunawakatia katikati. Yule dada wa Kigoma tulikuwa tunampondea kipande kwenye bakuli, tunamwagia maziwa vuguvugu, kinakuwa kama uji lakini bado kina ladha ya mkate. Mara ya kwanza alikula vijiko vinne. Nilihesabu. Alikuwa anameza, anafumba macho, anatulia, halafu anapeleka kingine. Alipomaliza alisema neno moja kwa sauti iliyokuwa imebaki kama mnong'ono: "Iliki." Alikuwa ameisikia ladha ya iliki.

Kitu cha nazi kinachacha upesi kwenye joto la Dar, kwa hiyo hatulazi mkate. Kilichobaki saa sita mchana tunarudi nacho.

Wale wanaouguza nao ni watu. Hili tulichelewa kuliona. Mgonjwa anaulizwa hali yake na kila anayepita, lakini yule dada, mume au mtoto wa miaka kumi na saba aliyeacha shule kumsindikiza mama yake hakuna anayemuuliza kama amekula. Wengi wanakula makombo ya mgonjwa, na mgonjwa asipomaliza chakula ndiyo siku wao wanashiba. Hao hawahitaji laini. Wanahitaji kitu cha kutafuna chenye mafuta na sukari, na chai ya rangi iliyokolea. Kwao tunapika mahamri na visheti, lakini tunavikaanga kwetu, si pale uani, ili harufu ya mafuta isiwafikie waliolala. Tunawapa nje, chini ya mwembe. Hapo mwembeni ndipo nimesikia mambo mazito kuliko popote. Mtu akishika hamri mkono mmoja na kikombe mkono wa pili, akiwa na uhakika kwamba mgonjwa wake naye ana chakula, anaanza kusema.

Kumpikia aliyefikwa si jambo jipya kwetu. Msiba ukitokea, nyumba ya wafiwa haiwashi jiko, majirani ndio wanaopika. Waislamu tunajua asili yake: Jaafar bin Abi Talib, binamu wa Mtume Muhammad, alipouawa katika vita vya Muta mwaka 629, Mtume aliagiza watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo lililowashughulisha. Tazama sababu iliyotolewa. Hakusema ni kwa umaskini wala kwa kukosa unga. Walikuwa na jambo lililojaa kichwani hata mikono haikuweza kupika.

Na kwingine pia watu waliifikia njia hiyohiyo. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanawake wa Jeshi la Wokovu kutoka Marekani walipelekwa Ufaransa karibu na mstari wa mapigano. Wawili kati yao, Margaret Sheldon na Helen Purviance, walitaka kuwapikia askari kitu cha kuwakumbusha nyumbani. Vifaa havikuwepo, walikuwa na unga, sukari, mafuta na vitu vingine vichache. Wakaamua kukaanga donati, ambazo ni ndugu wa maandazi yetu, na unga waliusukuma kwa chupa ya mvinyo. Siku ya kwanza zilitoka 150 tu, na foleni ilikuwa ndefu kuliko sufuria. Nikisoma habari yao ninachokiona ni hiyo chupa. Mwanamke amesimama kwenye matope ya nchi ya watu, anasukuma unga kwa chupa, kwa sababu kijana fulani aliye mbali na mama yake atakula kitu cha moto.

Huwa naulizwa kwa nini tusitoe pesa tu. Swali ni la haki na nalijibu kwa moyo mweupe. Mgonjwa wa mkoani anahitaji nauli kwanza, na wapo waliokatisha tiba katikati kwa kuishiwa. Tukiwa na akiba tunachangia nauli, na ukiwa na uwezo wa kumlipia mtu nauli ya kurudi kumalizia mionzi, fanya hivyo kabla hujanunua hata kilo moja ya unga. Mkate hautibu saratani. Lakini Jumamosi ya mtu aliye peke yake chumbani haina dawa hospitalini, na huko ndiko mkate unakoingia.

Jambo moja ndilo linaloniudhi, nami nalisema wazi. Wapo wanaokuja na keki kubwa iliyoandikwa jina la kikundi chao kwa krimu, wanawapanga wagonjwa mstari, wanapiga picha, wanakata keki, wanaondoka. Mama wa watu ameanguka nywele, amevuliwa kilemba ili aonekane vizuri kwenye picha, halafu keki yenyewe hawezi kuila. Mgonjwa si pambo. Sisi simu zinabaki kwenye kikapu mlangoni, na aliyekuja kutusaidia akakataa kuiweka tunamshukuru na kumwomba arudi siku nyingine.

Kuna Jumamosi moja tulifika na bakuli la kitanda namba saba. Lilikuwa limeandaliwa kama daftari lilivyosema: laini, sukari kidogo, katikati ya mkate. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Alifariki Alhamisi usiku, na mumewe alikuwa bado pale akisubiri taratibu za kusafirisha mwili. Nilisimama na lile bakuli nisijue niliweke wapi. Fundi cherehani wetu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alilichukua mkononi mwangu, akaenda nalo hadi mwembeni alikokaa yule baba, akakaa naye kwenye mkeka. Hakumpa pole ya maneno. Baada ya muda mrefu yule baba alichukua kijiko cha plastiki, kijiko cha mkewe, akala mkate wote polepole. Alipomaliza alisimama, akakusanya masinia yetu yote manne, akayapeleka bombani, akakunja mikono ya shati, akaanza kuyasugua kwa mchanga na majivu. Mwalimu alitaka kumkimbilia amzuie. Nikamshika mkono. Yalirudi yanang'aa kuliko tulivyowahi kuyaosha sisi.

Tangu siku ile hatumkatalii mtu anayetaka kurudisha kitu. Tulikuwa tunakosea. Mgonjwa akisema atatusaidia kumenya iliki, tulikuwa tunamwambia apumzike. Muuguzaji akitaka kukuna nazi tulikuwa tunamwambia asijisumbue. Tulidhani ni huruma, kumbe tulikuwa tunawalazimisha warudishe sahani tupu kila wiki, watu waliolelewa kama sisi, wanaojua kabisa kwamba sahani hairudi tupu. Sasa Ijumaa jioni mbuzi moja ya nazi inabaki kule nyumbani kwao. Kuna kijana wa Songea anayemuuguza mama yake anakuna nazi vizuri, tui lake ni zito na halina hata kipande cha kifuu. Kuna bibi wa Mtwara aliyetuonyesha namna ya kuloweka korosho na kuzisaga pamoja na mchele kwa ajili ya wasiopatana na nazi, na mkate wake tumeuandika ukurasa wa kwanza wa daftari.

Yule dada wa Kigoma alimaliza wiki zake na kuondoka. Safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa basi, na shingo ile. Tulimfungia mkate kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko, tukamwelekeza mdogo wake jinsi ya kuulainisha njiani kwa maziwa ya pakiti, tukaagana. Miezi ikapita. Katika kazi hii unajifunza kutopiga simu kuuliza, kwa sababu jibu linaweza kuwa zito kwa yule anayepokea kuliko kwako.

Mwezi uliopita simu ililia, namba ngeni. Kondakta wa basi la Kigoma, ameshusha mzigo wangu stendi ya Mbezi. Nilikwenda nikiwa sijui ni mzigo gani. Ilikuwa boksi la sabuni lililofungwa kwa kamba ya katani. Nikalifungulia palepale kwenye benchi la abiria. Chupa ya mawese iliyozibwa kwa nailoni na kufungwa na mpira. Mfuko wa dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika, wale wadogo weupe. Na chini kabisa bakuli letu, limeoshwa, limefunikwa, na ndani yake limejaa dagaa vilevile. Karatasi ya daftari la shule ilikuwa imebanwa kwenye mfuniko, mwandiko wa mtoto: mama anakula ugali sasa, kidogo kidogo, na mchuzi.

Nilikaa na lile bakuli magotini mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimekosa basi.

Jioni nikampigia mama Tanga. Nikamsomea karatasi mara mbili. Akaniomba nimsomee tena. Kisha akauliza kama ni dagaa wa Kigoma kweli, nikasema ndio, akasema nimwekee.